Kola Kwenye Bafta

Kila alasiri akitoka shule, Sindano alimtungia mama yake uzi kwenye sindano. Mama alikuwa fundi cherehani mwenye mikono myepesi, ila macho yalikuwa yameanza kumwangusha. Yule binti mwembamba wa miaka kumi na miwili ndiye aliyekuwa macho yake, na jina lenyewe lilitokana na kazi hiyo. Akimaliza uzi, walisaidiana kumgeuza baba kitandani ili vidonda vya mgongoni vipate hewa.

Baba alikuwa mwashi. Alianguka kutoka juu ya jukwaa la ujenzi, na baada ya miezi miwili hospitalini madaktari wakamwambia mama amrudishe nyumbani. Hawakusema zaidi, na mama hakuuliza.

Shati la shule la Sindano lilikuwa limechakaa kola hadi nyuzi zinaning'inia, na wenzake walimcheka waziwazi. Basi siku alipoona bafta mpya, nyeupe pee, imekunjwa chini kabisa ya sanduku la mama, moyo ulimruka kwa furaha. Kumbe mama ananificha shati jipya! Mama alipokwenda bombani, Sindano aliitandaza sakafuni, akachukua chaki ya buluu, akachora shati zima: mikono, mfuko na kola kubwa. Kisha akaikunja vilevile, akafunga mdomo wake.

Wiki iliyofuata, adhuhuri, hodi ilipigwa kwa pupa. Alikuwa jirani yao, muuza mkaa, yule yule aliyetangaza bombani kwamba nyumba ya mwashi imeingia nuksi.

"Mama Sindano, mama yangu amefariki," alisema, sauti imekauka. "Watu wanataka tuzike kabla ya magharibi, na sina hata kipande cha sanda. Fedha zote zimeishia hospitali."

"Inna lillahi," mama alisema. Alitazama sanduku. Akatazama pazia ambalo baba alilala nyuma yake. Hapo ndipo Sindano alipoelewa bafta ile ilikuwa ya nani.

"Mpe," baba alisema kutoka nyuma ya pazia.

"Baba Sindano, lakini ile ni..."

"Najua ni ya nani. Mimi bado napumua. Mwenzangu anaihitaji leo."

Sindano alitaka kupiga kelele. Apewe huyu, mwenye mdomo ule? Na baba je? Lakini mama alikwisha kuikunjua bafta, na lile shati la chaki likajitokeza mbele ya wote.

"Nani kafanya hivi?" mama aliuliza.

Uongo ulimjia Sindano mdomoni, akaumeza. "Ni mimi, mama. Nilidhani ni ya shati langu." Akaangua kilio.

Baba aliomba aoneshwe. Aliikodolea macho bafta, akacheka mpaka akakohoa. "Kumbe nusura niende kwa Mola wangu na kola!" Mama alicheka na machozi yakamtoka papo hapo. Muuza mkaa aliinamisha kichwa.

Waliipangusa chaki kwa kitambaa chenye maji. Mama alikata vipande vitano vya sanda ya mwanamke bila kugusa cherehani, maana sanda haishonwi kama nguo ya kuvaa. Sindano alishika ncha ya bafta mpaka mkasi ukafika mwisho. Hakikubaki hata cha leso.

Maiti alizikwa kabla ya magharibi. Jioni hiyo mama alifumua kola ya Sindano, akaigeuza upande uliochakaa ukaingia ndani, akaishona upya.

Asubuhi muuza mkaa alipiga hodi tena. "Nimekuja kumgeuza shemeji," alisema. "Mikono hii imezoea magunia. Na Mama Sindano, yale niliyoyasema bombani, nisamehe."

"Yamekwisha," mama alimjibu, akampisha mlangoni.

Sindano alisogea kitandani. "Baba, siku yako ikifika itakuwaje?"

Baba alimshika mkono kwa vidole vyake dhaifu. "Mwanangu, nilidhani nikilala hapa sina tena la kumfaa mtu. Jana nimepata. Tukingoja shida zetu ziishe ndipo tuwasaidie wengine, tutakufa hatujasaidia mtu. Ndiyo imani hiyo. Yangu mimi anayajua Mungu aliyetupatia ile bafta." Akavuta pumzi. "Haya, nigeuzeni. Upande huu umechoka."

Muuza mkaa akashika mabega, Sindano akashika miguu, wakamgeuza taratibu.