Trauti Hapendi Chubwi

Mlimani, penye ukungu na viazi, alikaa msichana mdogo. Jina lake Subilaga. Shangazi yake alimwita Subi.

Asubuhi mlimani kuna baridi. Ukisema neno, mdomo unatoa moshi. Subi alipenda kuutoa.

Huuu! Huuu!

Chini ya shamba la viazi palikuwa na ziwa dogo. Dogo kabisa. Ukimwita mtu aliye ng'ambo, anaitika. Shangazi Tumpale ndiye aliyelilinda ziwa hilo.

Jana Bibi alipiga simu. Bibi alikaa mbali, huko Matema, kando ya ziwa kubwa. Alitaka kuja kumwona Lusajo, mtoto mchanga wa Shangazi.

"Huko mnakula nini, mjukuu wangu?" aliuliza Bibi.

"Viazi, Bibi."

"Na jioni?"

"Viazi."

"Jamani! Samaki je?"

"Samaki wapo! Nitakuvulia mmoja kesho. Mimi mwenyewe!"

Bibi akacheka. "Samaki kwenye baridi hiyo? Haya, tutaona. Njiani sitakula kitu. Nitakuja na njaa yangu."

Ndiyo maana leo Subi aliamka mapema.

Bibi anakuja. Anakuja na njaa!

Shangazi alimbeba Lusajo mgongoni. Akachukua ufito mrefu wa kuvulia, wenye uzi wa mshipi na kigurudumu cha kuuzungushia. Wakashuka ziwani, majani yenye umande yakiwalowesha miguu.

Pale ukingoni Shangazi alifungua kikopo. "Chagua nzi," alisema.

Subi akarudi nyuma. "Nzi? Bibi hali nzi!"

Shangazi alicheka mpaka Lusajo akatikisika mgongoni. "Si nzi wa chooni, wewe! Huyu ni nzi wa manyoya. Nimemfunga kwa uzi, na hapa chini amebeba ndoana. Humu ziwani tunavua kwa nzi hawa tu."

"Manyoya ya nani?"

"Ya yule jogoo anayekukimbiza."

"Safi!" alisema Subi. Akachagua nzi mwekundu.

Shangazi alimfunga nzi kwenye ncha ya mshipi. "Samaki wa hapa anaitwa trauti," alisema. "Anakula wadudu wanaotua juu ya maji. Tunataka adhani huyu ni mdudu. Sasa nitazame."

Aliinua ufito.

Nyuma. Ngoja. Mbele.

Shwiii! Mshipi ukaruka hewani. Nzi akatua juu ya maji.

Jii.

Hata maji hayakushtuka.

"Mimi sasa! Mimi!" alisema Subi.

Nyuma. Mbele!

Nzi hakufika majini. Alinasa kwenye majani, nyuma kabisa.

"Umesahau kungoja," alisema Shangazi. "Mshipi lazima unyooke kwanza huko nyuma."

Nyuma. Ngoja. Mbele!

Mshipi ukamwangukia Subi kichwani, kama tambi.

"Umependeza," alisema Shangazi. "Jaribu tena."

Subi hakucheka. Alimtazama nzi wake. Nzi alikuwa mwepesi mno. Angefikaje mbali?

Kwa Bibi hawakuvua hivi. Kwa Bibi walifunga jiwe dogo kwenye mshipi. Jiwe liliruka mbali, likazama na ndoana yake mpaka chini. Liliitwa chubwi, kwa sababu lilianguka hivyo. Chubwi!

Subi alitia mkono mfukoni. Jiwe lake la chubwi, alilotoka nalo kwa Bibi, lilikuwemo. Lilikuwa na tundu katikati.

Shangazi aligeuka kukaza kanga ya Lusajo.

Haraka haraka, Subi akalifunga jiwe kwenye mshipi.

Nyuma. Ngoja. Mbele!

CHUBWI!

Maji yaliruka. Mawimbi yalizunguka. Kivuli kirefu chini ya maji kilipinda mara moja, kikakimbia. Kivuli cha pili kikakimbia. Na cha tatu.

"Subi."

"Bee, Shangazi."

"Sauti ile ni ya nini?"

"Ya... chura."

Shangazi aliuvuta mshipi polepole. Jiwe likatoka majini likidondosha maji.

"Aa," alisema Shangazi. "Chura huyu ana tundu tumboni. Pole yake."

Subi alitazama vidole vya miguu yake.

Shangazi alichuchumaa karibu naye. "Kwa Bibi samaki wanakaa chini, kwenye kina. Huko chubwi ni sawa. Trauti wetu anatazama juu. Hebu niambie, mdudu akitua juu ya maji, anasemaje?"

Pale karibu mdudu mdogo wa kijani alikuwa akishuka. Akagusa maji. Subi akatega sikio.

"Hasemi kitu," alisema.

"Basi. Trauti hapendi chubwi."

Subi alilifungua jiwe. Akalirudisha mfukoni. Akajaribu tena.

Nyuma. Ngoja. Mbele. Pwa!

"Umekaribia," alisema Shangazi.

Nyuma. Ngoja. Mbele. Pwa!

"Bado kidogo."

Jua lilipanda juu ya kilima. Ukungu ulianza kuondoka. Sasa hivi Bibi alikuwa ndani ya basi, na basi lilikuwa likipanda mlima.

Bibi anakuja. Anakuja na njaa!

"Tukikosa samaki, viazi vipo," alisema Shangazi.

"Sitaki ale viazi!" Subi alilia. "Nilimwambia samaki! Nilimwambia mimi mwenyewe!"

Shangazi alimfuta machozi kwa upindo wa kanga. Mgongoni kwake, Lusajo alikuwa amelala.

"Ngoja nimlaze huyu," alinong'ona Shangazi. "Mgongo unaniuma."

Alitandika blanketi kwenye nyasi. Akamfungua Lusajo mgongoni. Akaanza kumshusha.

Subi alitazama. Mikono ya Shangazi haikumwachia mtoto. Ilishuka naye. Ikashuka naye tena. Mpaka mgongo wa Lusajo ukagusa blanketi. Ndipo mikono ikatoka chini yake, taratibu.

Jii.

Lusajo hakuamka.

"Kumbe!" alinong'ona Subi.

Akauchukua ufito.

Nyuma. Ngoja. Mbele.

Safari hii Subi hakuacha mkono wake ukae juu. Nzi aliposhuka, ufito nao ukashuka. Ukashuka naye tena. Subi alimlaza nzi juu ya maji, kama mtoto aliyelala.

Jii.

Nzi mwekundu alikaa juu ya maji. Subi akangoja. Shangazi akangoja. Pua ya Subi ilimwasha. Hakuikuna.

Mara maji yakafungua mdomo.

Glup!

"Inua!" alisema Shangazi.

Subi akainua. Ufito ukapinda. Mshipi ukaanza kukimbia, na kigurudumu chake kikalia.

Krrrrr!

"Shangazi! Anaondoka!"

"Mwache aende! Akikimbia, mwache. Akitulia, zungusha."

Krrrrr! Subi akamwacha.

Kimya. Subi akazungusha, zungu, zungu, zungu.

Krrr! Akamwacha.

Zungu, zungu, zungu.

Trauti akaruka juu, akameremeta juani, akaanguka.

CHUBWI!

"Safari hii si mimi!" alipiga kelele Subi.

"Waaa!" alilia Lusajo.

Shangazi aliingia majini mpaka magotini. Akachota kwa wavu mdogo wenye mpini. Ndani ya wavu alikuwamo trauti. Alikuwa na madoadoa meusi mgongoni, na ubavuni mstari wa rangi ya waridi.

Subi alimtazama kwa muda mrefu.

"Ni mzuri," alisema kwa sauti ndogo. "Asante, samaki."

Alasiri basi lilisimama barabarani. Akashuka mtu amejifunga kitenge, na juu yake kitenge, na juu yake kitenge kingine. Meno yalikuwa yakigongana. Kt-kt-kt-kt.

"Shikamoo, Bibi!"

"Marahaba, mjukuu wangu! Baridi gani hii? Mnaishi ndani ya friji?"

"Bibi, njaa ipo?"

"Ipo! Nimeipakata njia nzima, kama kuku."

Jikoni mafuta yalisema chwaaa. Shangazi alimkaanga trauti mzima, na kichwa chake na mkia wake. Wakaketi kuzunguka sinia. Ugali ulitoa mvuke.

Bibi alimtazama samaki upande huu. Akamtazama upande ule.

"Ana madoa," alisema.

"Ndivyo alivyo, Bibi."

Bibi akamega. Akatafuna. Subi aliutazama mdomo wa Bibi. Bibi akameza, asiseme kitu. Akamega tena. Akatafuna tena.

Subi hakuweza hata kula.

Kisha Bibi alikikata kichwa cha samaki. Akakiweka mbele ya Subi.

"Hupendi kichwa, Bibi?"

"Kichwa? Nakipenda kuliko vyote," alisema Bibi. "Ila kwetu kichwa hapewi mgeni. Hapewi hata mkubwa. Kichwa ni cha mvuvi."

Subi aligeuka kushoto, amwone mvuvi. Akageuka kulia. Hapakuwa na mtu mwingine.

"Ni mimi!" alisema.

"Sasa ni nani?" alisema Bibi. "Kula, kisipoe."

Subi akakila chote. Akafyonza mifupa, fyuu, fyuu. Bibi alimega samaki mpaka ukabaki mkia peke yake, na mkia pia akautafuna.

Jioni ukungu ulirudi juu ya ziwa. Subi na Bibi walilala kitanda kimoja, chini ya mablanketi mawili mazito.

"Bibi! Miguu yako ni barafu!"

"Ndiyo maana nimekuja huku kwako. Sogea, unipashe joto."

Subi akasogea. Miguu midogo yenye joto ikaikumbatia miguu mikubwa ya baridi.

"Ziwa lenu ni dogo," alisema Bibi gizani. "Lakini lina samaki mtamu. Kesho utanipeleka nikalione, mvuvi wangu?"

Mvuvi alikuwa ameshalala.