Kasia Lisilolowa

"Nipe talaka yangu, Feruzi. Nimechoka."

Feruzi alikuwa bado mlangoni, macho mekundu kwa kukesha. Batuli alikwisha kujitwisha mtungi wa mawese, tayari kwa soko la Rumonge. Mama yake, Bi Kulthumu, alikaa mkekani na mzigo wa nguo za binti yake, umefungwa.

"Asubuhi yote hii, mke wangu?"

"Giza lote la mwezi huu unatoka na kasia, linarudi kavu. Wenzako wananuka dagaa. Wewe unanuka moshi wa taa. Taa ya mwanamke gani?"

"Hakuna mwanamke."

"Basi sema iko nini," Bi Kulthumu akadakia. "Miguu inaniuma, nataka kwenda."

Feruzi akaketi chini kama gunia.

"Niko kwa Mdachi, kule kilimani. Namushikia taa akipima nyota."

Batuli akautua mtungi. Mwaka jana Feruzi alirudi kutoka msafara wa wapagazi wa Wajerumani, mabega yamechubuka, akaapa mbele yake kwa jina la Mungu: hatamtumikia Mdachi tena.

"Uliapa!"

"Jumbe wa kijiji alinipa mawili nichague: taa, ama mizigo mpaka Tabora. Tabora ningekuacha miezi. Kwa taa, alfajiri niko hapa. Nikaona haya kukwambia."

"Nyota gani ya kuvunja nyumba?" mama akauliza.

"Ni mbili, mama. Zimebanana, hata darubini inaonyesha moja. Mdachi anapitisha mwanga wake kwenye kioo, inatokea mistari. Nyota moja ikija kwetu na nyingine ikienda, mistari inaachana. Zikipitana, inarudi pamoja. Ndivyo anavyopima mzunguko wao."

"Ameujua?" Bi Kulthumu akauliza.

"Bado. Mawingu."

Bi Kulthumu akacheka bila kutaka. Batuli hakucheka.

"Zinapitana tu," alisema. "Kama sisi. Ukiingia, mimi natoka na mawese."

"Batuli..."

"Nyamaza. Kiapo kikivunjwa kina kafara. Hatuna cha kulisha maskini kumi, basi utafunga siku tatu. Mbalamwezi je, Mdachi anapima?"

"Hapana. Mwezi unamusumbua. Analala."

"Basi mbalamwezi ikitoka uko hapa, na mimi siendi sokoni."

Bi Kulthumu akaanza kufungua mzigo, akinung'unika kwamba fundo alilikaza bure.

Batuli akanyoosha mkono.

"Vua hiyo kanzu niifue. Na leo ukienda, acha kasia nyumbani."