Kovu Halirithiwi

Alasiri moja ya mwaka 1972, Maalim Mabrouk, jirani yetu wa Mkunazini, alikuwa amekaa barazani kwake akisahihisha kazi za wanafunzi wake wa elimu ya viumbe. Alikuwa mtu mpole, msomi wa chuo kikuu. Mkewe, Mwanamkasi, alikufa kwa homa miaka minane nyuma, na hakuoa tena. Akiulizwa kwa nini, hujibu tu, "Bado naitikiwa." Mwanamkasi alipoitwa alikuwa akisema "labeka," kama waitikavyo wanawake, akiivuta ile sauti ya mwisho, na Maalim alikuwa bado akiisikia kila apandapo ngazi za nyumba yake.

Gari likasimama. Alikuwa Daktari Shamsi, rafiki yake wa chuoni, ndiye aliyemtibu marehemu mpaka siku yake ya mwisho.

"Inuka, Maalim, twende kwangu Mbweni. Nna kitu chako."

"Changu? Sijakuazima kitu mie."

"Umeniazima. Hukujua tu."

Nyumba ya Shamsi ilikuwa peke yake, karibu na magofu ya misheni. Ukumbini kulikuwa na beseni la vyura, wanalia.

"Hawa saba ni chura mmoja," Shamsi akasema. "Nilitoa kiini cha yai, nikatia kiini cha seli ya mwili wake. Baba hawana. Ukimtukana mmoja, wananuna wote."

Maalim akacheka. Majaribio ya namna hiyo alikuwa ameshayasoma. Kicheko kikamkauka alipotazama mlangoni.

Mtoto wa kike, wa miaka saba hivi. Paji lile. Nyusi zile. Hata kusimama kule, mguu mmoja juu ya mwengine.

"Shikamoo," akasema mtoto.

Maalim akamgeukia Shamsi.

"Kipande cha ngozi," Shamsi akanong'ona. "Kidogo, kama punje ya mtama. Nilikichukua siku ile ya mwisho."

"Ulimuuliza?"

"Alikuwa hajitambui."

"Uliniuliza mimi?"

"Ulikuwa unalia."

"Na mwanamke aliyembeba tumboni?"

"Kesharudi kwao bara. Hakuambiwa alichobeba."

"Sheria je, Shamsi?"

"Nitajie kifungu kinachokataza. Nani aliwahi kuliwaza jambo hili akaliandikia sheria?"

"Huyu binti nani? Siku akiolewa, walii wake nani?"

"Ndiyo maana nimekuita. Mchukue. Nimekurejeshea mkeo."

Neno hilo lilimwingia Maalim kama maji ya kisima mgongoni. Akapiga magoti, akaushika mkono wa kulia wa mtoto, akaugeuza. Mwanamkasi alikuwa na kovu la pasi ya makaa juu ya kifundo, mfano wa mwezi mchanga. Mkono wa mtoto ulikuwa laini, hauna kitu.

Akashusha pumzi. Umbo hurithiwa, kovu halirithiwi. Kila mwaka aliwafundisha wanafunzi hivyo. Basi huyu si mke wa mtu. Ni mtoto, anataka mzazi.

Hata hivyo alitaka hakika moja zaidi.

"Anaitwa nani?"

"Jina lilelile."

Maalim akaita, polepole: "Mwanamkasi."

"Naam," akaitika mtoto.

Naam, kama mwanamme. Alilelewa na Shamsi peke yake. Hakuwahi kumsikia mwanamke akiitika. Machozi yakamtoka Maalim, ya faraja. Si yeye. Angemchukua, amlee, ampe jina jipya, la mtoto mwenyewe.

Kisha, juu ghorofani: "Naam."

Sauti ileile.

Na upande wa jikoni: "Naam."

"Wako wangapi?"

"Watatu." Shamsi alikuwa akitazama sakafu. "Mmoja angeweza kufa."

Hapo kikaitika chumba cha nyuma. Sauti ya mtu mzima. Ilivutwa mwishoni.

"Labeka."

Vyura wakanyamaza.

Shamsi midomo ilimpauka. "Mle hamna mtu," akanong'ona. "Mna kufuli."

Mtalawanda, kiatu cha mti, ukagonga sakafu, ndani mle. Ukagonga tena. Karibu zaidi na mlango.

"Walete wale wengine!" Maalim akasema. "Shamsi! Walete!"

Shamsi hakusogea. Alikuwa akiutazama mlango. Maalim akamnyakua mtoto aliyekuwa naye, akatoka mbio.

Asubuhi alirudi na askari. Nyumba wazi. Beseni limekauka. Shamsi hayupo, wala wale watoto wawili, na hakuna aliyewaona tena Unguja hii. Kufuli la chumba cha nyuma lilikuwa bado limefungwa. Askari walilivunja. Hamkuwa na kitu ila harufu ya nguo iliyopigwa pasi sasa hivi.

Aliporudi Mkunazini alimkuta dada yake, Bi Mize, anamwogesha mtoto uani.

"Mabrouk we, hebu nambie. Huyu mtoto wa nani?"

"Wangu. Nitamlea mimi."

"Haya, wako. Basi nani kamchoma?"

"Kamchoma wapi?"

Bi Mize akaunyanyua mkono wa kulia wa mtoto, unachuruzika maji. Juu ya kifundo palikuwa na kovu. Halikuwa bichi. Lilikuwa limepoa, limepauka, kovu la miaka mingi. Mfano wa mwezi mchanga.

Mtoto yuko kwake mpaka leo. Maalim anamlea vizuri: anamlisha, anamvisha, kamwandikisha skuli kwa jina la Wanu. Lakini jina hilo hajalitamka nyumbani, wala lile la kwanza, na Bi Mize naye amemkataza. Akimtaka mtoto, hukohoa mlangoni, au hugonga ukuta kwa kidole, akangoja aje mwenyewe.

Kumwita hathubutu. Anaogopa ataitikaje.