Mkono wa Dominiko

Abel alitoka bandani kufuata chai. Basi. Birika mkononi, jua limeshaanguka, milima ya Uluguru imejifunika ukungu kama mgonjwa wa malaria.

Ilikuwa miaka ile mali za umma zilipokuwa zikiuzwa kama mafungu ya nyanya: chukua hili, na lile nakuongeza. Shamba la katani pale chini ya milima lilikuwa limefungwa, nyasi zimeota mpaka kwenye choo cha meneja. Tajiri aliyelinunua hakutaka katani. Alitaka vyuma. Presi ya kubania marobota, dude zito kama dhambi za kijiji kizima, lilitakiwa kupakiwa jioni hiyo na kupelekwa kwenye shamba lake jingine, Kimamba. Wakala wake, Athanas, alikuwa ameshatamka: presi ikifika nzima, Abel atakuwa msimamizi wa kudumu huko. Isipofika, arudi kwao Tabora akapige soga na mbu. Abel alikuwa hana kazi tangu shamba lifungwe. Mkewe alikuwa ameshauza kitanda.

Chai ilikuwa ya Yustina, mjane wa Dominiko.

Dominiko alikuwa Mluguru wa Mgeta, na presi hiyohiyo ndiyo iliyomla mkono wa kulia. Ukashindiliwa pamoja na katani, ukafungwa ndani ya robota. Meneja akakataa robota kufunguliwa, meli inangoja bandarini. Dominiko akafia njiani kwenda hospitali. Mkono ukaenda Ulaya, mwenyewe akaenda kaburini.

Sasa, Abel ni Mnyamwezi, na Mnyamwezi na Mluguru ni watani. Msibani mtani ana ruhusa kubwa kuliko padri. Siku ya mazishi Abel aliruka ndani ya kaburi, akalala chali, akawaambia wafiwa kwamba Waluguru kwa ubahili wamezidi, hata maiti wanaileta pungufu. Watu wakacheka huku wanalia. Yustina mwenyewe alicheka. Ndipo Abel akanyoosha mkono wake juu na kusema:

"Mkono wako ninao mimi, mtani. Ukiutaka, njoo unidai."

Neno kama hilo halina kosa, mradi lifutwe. Siku ya kuondoa matanga, mtani aliyelisema hurudi, ananyunyiza maji na unga, anamwambia marehemu kuwa ule ulikuwa utani. Abel hakurudi. Siku hiyo alikuwa kilabuni Mwembesongo anawasimulia walevi alivyochekesha msibani.

Yustina alijaza birika, lakini hakuliachia.

"Mtani," alinong'ona. "Unahamisha kitu ambacho mwenyewe hajaambiwa. Lifute neno lako kwanza. Unga ninao hapa."

Abel aliangalia bandani. Athanas alikuwa anaonyesha saa yake kwa mbali.

"Mwambie siku hizi ni biashara huria," alisema. "Aje na risiti."

Safari hii Yustina hakucheka. Aliliachia birika.

Bandani palinuka grisi ya zamani na katani iliyooza... na chini ya harufu hizo kulikuwa na nyingine, tamutamu, kama buchani jioni. Abel alitema mate, akapiga kelele watu wakae mahali pao. Lori la tela lilikuwa limeshasogezwa. Mikaeli, dereva wa winchi, alikuwa juu ya kiti chake, injini inanguruma mpaka mabati yanatetemeka.

Kwa kelele zile mdomo haufai kitu. Ndiyo maana kazi ya kuhamisha mashine ina sheria moja ambayo Abel mwenyewe aliwafundisha wote: mkono mmoja tu ndio unaosema. Kidole kikizunguka juu, pandisha. Ngumi, simama. Kiganja kikiangalia chini, teremsha. Dereva haangalii uso wala hasikilizi maneno. Anaangalia mkono.

Abel alizungusha kidole. Minyororo ikakaza, ikalia. Presi ikang'oka kwenye misumari yake, ikapanda polepole, inachuruzika maji meusi. Ikavuka. Ikasimama hewani juu ya tela, umbali wa shubiri tatu kutoka kwenye mataruma ya mbao ambayo ilitakiwa kuyakalia.

Ngumi. Mikaeli akasimamisha.

Taruma moja lilikuwa limepinda.

Abel alijua. Jamani, alijua. Mzigo ukiwa hewani, huingizi mkono chini yake hata kama umeona dhahabu. Alikuwa amewahi kumzaba mtu kofi kwa kosa hilohilo. Lakini giza lilikuwa linaingia, Athanas alikuwa anapiga honi, na kule Kimamba kulikuwa na kitanda kipya. Akashika mnyororo kwa mkono wa kushoto. Akaingiza wa kulia.

Akausukuma ubao. Ukagoma.

Akausukuma tena...

Kwa juu, mnyororo ukasema *kri*.

Alipogeuza macho, Mikaeli alikuwa ameinama mbele, ametulia kama mtu anayetii amri. Alikuwa anaangalia kitu juu ya kichwa cha Abel.

Presi ikashuka.

Haikuanguka. Ingeanguka ingekuwa nafuu. Ilishuka taratibu, kwa adabu, kidole baada ya kidole, na Abel alisikia kila kimoja kilivyoitika.

Walipoinyanyua, Mikaeli alikuwa analia. Aliapa kwa Bikira Maria kwamba ameonyeshwa kiganja, wazi kabisa, kimeangalia chini. Athanas akamuuliza kiganja cha nani, wakati mkono mmoja wa Abel ulikuwa kwenye mnyororo na mwingine ulikuwa chini ya chuma.

"Cha kulia," Mikaeli alisema. "Kina nyuzi za katani kwenye kucha."

Wakamulika tochi juu ya mataruma. Damu ilikuwepo. Mkono haukuwepo. Athanas alisema umenata kwenye grisi chini ya presi, utaonekana wakishusha. Hakungoja zaidi. Lori likaondoka na presi, Abel akapelekwa hospitali kwa baiskeli ya muuza mboga.

Kimamba waliposhusha presi, hawakukuta kitu.

Athanas alikuwa mtu wa ahadi. Alikuja wodini akakaa kwenye ncha ya kitanda, akamwambia Abel presi imefika nzima na kazi yake ipo. Tajiri amenunua mashine nyingine na zinahitaji kushushwa. Tena akacheka kidogo. Kuonyesha ishara, alisema, kunahitaji mkono mmoja tu.

Abel alipomweleza nyumbani, mkewe aliangalia sakafu waliyokuwa wakilalia siku hizi. Jeraha lilipofunga, Abel akapanda basi kwenye kituo cha Msamvu.

Jioni ya kwanza Kimamba alisimama mbele ya winchi, mzigo ukiwa hewani, watu wanne wamesimama pembeni yake, na nyuma yake ile presi imetulia kwenye msingi mpya. Dereva alikuwa mgeni, hakujua habari yoyote. Abel aliinua mkono wa kushoto. Ngumi. Simama.

Papo hapo akavihisi vile vidole ambavyo hana. Mtu alikuwa amevishika. Alivikunjua kimoja kimoja, polepole, kwa upendo wa mtani... kisha akakigeuza kiganja kikaangalia chini.

Dereva alimwangalia Abel, akaangalia nyuma yake, akamwangalia tena. Akapunguza moto wa injini ili asikike.

"Samahani, bosi," alisema. "Nifuate upi?"