Gari Lililonyamaza Jumamosi

Haya yote ni kweli tupu, hata nukta zake. Atakayebisha aniambie alikuwa wapi mwaka 1957. Mi nilikuwa Kolwezi, na masikio yangu yalikuwa yanafanya kazi.

Alhamisi, saa tatu asubuhi, simu ya garaji iliita.

— Shangazi anakohoa, ilisema Sauti kutoka Elisabethville.

— Kifua ama mgongo?

— Mgongo. Mwisho Jumatatu.

Simu ikakatika.

Séraphin Mwenze alijifuta grisi. Watu wa mtaa wake wa Dilala walimjua kama fundi. Watu wanne tu duniani walimjua kama jasusi, Nambari Tisa. Na mgongo, kwao, ulikuwa Dilolo, mpakani mwa Angola.

Kilo mia tatu za jiwe jeusi, lile la kutengenezea bomu, zilikuwa zimetoweka kwenye depo ya kampuni ya migodi, na zingetoroshewa huko. Aliyeshikwa ni karani wa depo, Stanislas Kalombo. Jumatatu angepandishwa treni, pingu mikononi, kwenda gereza la mbali. Mkewe Bilonda na watoto watano wangetolewa kwenye nyumba ya kampuni siku hiyohiyo.

Saa nne, Peugeot 403 nyeusi iliingia garajini, matako juu kama panzi. Mwenyewe aliitwa Pires, Mreno muuza vitambaa wa Dilolo.

— Fundi, gari iko inagonga nyuma! Batu bote banageuka kuniangalia!

— Na wee hautaki bakuangalie, Bwana?

— Tengeneza tu.

— Kelele haitafutwake gari imesimama. Mi naingia kwenye koffre, huku nyuma penye mizigo. Wee endesha.

Pires alicheka. Akamfungia kwa ufunguo mwenyewe.

Giza. Vumbi. Harufu ya petroli.

Nambari Tisa alitoa chombo chake cha siri: mpira wa maji wa mita moja, ncha moja sikioni, ncha nyingine kwenye chuma. Alikuwa pia na bastola ya Browning ndani ya soksi. Soksi ilikuwa kubwa, msiniulize.

Ka! Ka-ka! Ka!

Kushoto? Hapana. Kulia? Hapana. Amortisa, zile za kupunguza mtikisiko? Nzima.

Chini zaidi.

Ka-ka-ka!

Waliporudi alilala chini ya gari, akaona. Springi za nyuma zilikuwa malame, mabamba ya chuma yaliyolaliana. Kila upande ulikuwa na bamba moja la ziada, la lori, lisilofungwa kwa brida, kile kibano cha chuma. Gari likiwa tupu, bamba lilichezacheza na kuwapiga wenzake. Likipakiwa mzigo mzito, yangebanana yote. Kelele ingekwisha.

Muuza vitambaa na malame ya lori?

Mzigo ukiingia, matako yasishuke. Polisi wa kizuizini wasishtuke.

— Umeona? aliuliza Pires.

— Kipande hakiko. Kinatoka Jadotville. Rudia Jumanne.

Brida alikuwa nazo boksi zima.

Aliipigia simu Sauti ya Elisabethville.

— Koffre ni tupu, alisema.

— Sasa unangoja nini?

— Nangoja inyamaze.

— Nani anyamaze?

— Gari.

Ijumaa, ka-ka-ka sokoni. Ka-ka-ka mbele ya kanisa. Séraphin hakukaa, hakula. Bilonda alimfuata garajini.

— Tata Mwenze, banasema wee unajuana na bakubwa. Siku zinaisha.

— Mama, unasikia ile kelele?

— Nani asiyeisikia?

— Ikikoma, weka sufuria ya sombe kwenye moto.

Bilonda alimtazama kama anayemtazama mtu aliyegongwa na nyundo kichwani.

Jumamosi, saa nane mchana, 403 ilipita mbele ya garaji.

Kimya.

Séraphin alirukia Vespa. Alilikuta gari kwenye kizuizi cha barabara ya Dilolo, kando ya reli. Polisi alikuwa amekwisha kuinua mti.

— Bwana Pires! Kelele iko wapi?

— Imepona yenyewe, fundi!

— Chuma haiponake, Bwana. Fungua koffre.

Pires alitoa bastola. Akakanyaga gesi. Gari liliruka reli kwa kishindo, na bamba lisilofungwa likachomoka, likapasua tairi. Mzigo ukalizungusha gari mara mbili na kulikalisha mtaroni.

Séraphin alifika kwa miguu, bila haraka. Alimpokonya Pires bastola kama mtu anayempokea mgeni kofia.

Ndani ya koffre, magunia sita. Jiwe jeusi.

Jioni Kalombo alitoka bila pingu. Watoto watano walimwangusha chini mlangoni. Séraphin alikataa kiti, alikataa hata sombe. Alivaa kofia yake akaondoka akipiga mluzi.

Nilisoma haya yote kwa sauti pale baa kwa Mado. Mama Godelieve, aliyeuza vipuri vya magari miaka thelathini, alinisikiliza mpaka nukta ya mwisho.

— Tata, 403 haina malame nyuma. Iko na springi za kuviringa. Malame iko kwenye break tu, ile ya kubeba mizigo.

— Njo ile, Mama! Ilikuwa break!

— Break haina koffre ya kufungia mutu. Iko madirisha kila upande. Sasa Séraphin aliona giza wapi?

Nilitazama meza. Tulikuwa watu sita, na chupa zote zilikuwa tupu.

Niliagiza sita. Mado alileta saba.

— Ya saba ya nani? nikauliza.

— Ya Séraphin, alisema, akanyoosha mkono nilipe.