Hapana Iliyochelewa

Treni ya Dar iliingia stesheni ya Ifakara ikiwa imechelewa, na watu waliogombea mlango hawakujali nani amekanyagwa. Ilikuwa mwaka 1999, masika yameanza. Paskazia, gauni la kitenge limemganda mgongoni kwa jasho, alikumbatia kitu kilichofungwa kwenye khanga. Gunia la mtu likamsukuma. Angeanguka nacho, kama kijana mmoja mrefu mwenye shati la drafti asingemdaka mkono.

“Pole, dada. Mtoto hajaumia?”

“Si mtoto. Ni laptopu.”

“Laptopu kwenye khanga! Ndiyo maana hailii.”

Paskazia hakutaka kucheka, lakini alicheka. Halafu uso ukamsawijika. “Ni ya baba. Ndiyo anayoongelea. Imekufa, na mafundi wa Dar wameniambia niitupe.”

Baba yake, Mwalimu Gasper, alikuwa amefundisha kwaya na hesabu nusu ya watu wazima wa mji ule. Kisha kiharusi kikamchukua ulimi na mkono wa kulia. Akili ilibaki nzima. Daktari mmoja Mswisi, jirani yao, alipokuwa anarudi kwao alimwachia laptopu yake kuukuu, na kwa kidole cha mkono wa kushoto Mwalimu akaanza tena kusema na watu.

Kijana aliitwa Wendelin, mzaliwa wa Mahenge, fundi wa kompyuta katika mradi wa utafiti wa mbu. “Usiitupe,” alisema. “Huenda kilichokufa ni programu tu. Nitaiwekea nyingine, Linux. Ni ya bure, na mashine kuukuu inaiweza.”

Akaja nyumbani jioni baada ya jioni na rundo la disketi. Alimweleza Paskazia kwamba Linux ni kama injini, na juu yake mtu huchagua sura ya kioo: ziko nzito zenye picha na mapambo, ziko nyepesi zisizo na kitu. Wendelin alichagua nzito iliyoitwa KDE, mpya kabisa wakati ule. Ilipowaka, vitufe viling'aa, na nyuma yake bonde la kijani.

“Mama yangu, inapendeza!” Paskazia alishangaa.

“Haikufikii wewe,” Wendelin alinong'ona, na Mwalimu akajifanya hakusikia.

Wakapendana. Mchana Wendelin alipiga simu ofisi ya uchapaji alikofanya kazi Paskazia, akijifanya mteja. “Nina barua ya mapenzi, mnachapa?” Kila mara alicheka mwenyewe kabla hajajibiwa. Ila laptopu ilikuwa inavuta miguu. Mwalimu alibonyeza, akangoja, akabonyeza tena. Paskazia aliona, akajiambia baba atazoea.

Alasiri moja baba mkubwa Sebastiani, kaka yake Mwalimu, alifika na mgeni aliyetaka kununua shamba lao la mpunga la Katindiuka.

“Nimekuja kwa heshima, Gasper. Unakubali au hukubali?”

Kichwa cha Mwalimu kilitikisika wakati wote tangu augue, hivyo hakikumsaidia. Akavuta laptopu, akabonyeza. Kioo kikabaki kitupu. Mashine ilikoroma tu.

“Ngojeni, baba anaandika!” Paskazia alisema.

“Anaandika nini, mwanangu? Sioni kitu. Tumengoja vya kutosha. Angekuwa na neno angelitoa.”

Wakaondoka. Walipokwishapotea barabarani, herufi zikajitokeza zote kwa mpigo: HAPANA HAPANA HAPANA. Paskazia aliwakimbilia kwenye tope hadi pumzi ikamwishia. Kesho yake baba mkubwa alimjibu kwamba mkono ameshapeana na mtu, harudi nyuma. Mwalimu alifunika laptopu, akageukia ukutani.

“Ulinipambia mimi,” Paskazia alimwambia Wendelin. “Hukumwekea baba.”

“Nilitaka ufurahi.”

“Nilifurahi. Ndicho kinachoniuma. Nenda, Wendelin.”

Alikwenda. Mradi ulimtuma Dar, na simu zake zilipoingia ofisini Paskazia alikata. Yule mgeni alishaanza kulima Katindiuka. Siku moja simu ikalia, na safari hii Wendelin hakusema mpenzi wala laazizi.

“Usikate. Nataka kuuliza tu. Mwalimu anaona herufi za ukubwa gani? Kidole chake kinachoka baada ya maneno mangapi?”

Paskazia hakukata. Hayo hakuwahi kuulizwa, na yeye mwenyewe hakuwahi kuyauliza.

“Ndogo hazioni,” alisema. “Na anachoka upesi.”

“Nakuja Jumamosi.”

Alikuja, akapiga magoti mbele ya kiti. “Shikamoo, Mwalimu. Nilikukosea.” Akafuta mapambo yote. Sura ya kwanza aliyoweka, Mwalimu alibonyeza, akasukuma laptopu pembeni. Ya pili bado herufi zilijikwaa. Ya tatu iliitwa IceWM: utepe wa kijivu chini, basi, na herufi kubwa nyeusi. Mwalimu akabonyeza, na herufi ikawa pale pale chini ya kidole.

“Mbona mbaya hivi,” Paskazia alisema.

Mwalimu akaandika: *Nzuri. Inaniwahi.* Kisha akamtazama Wendelin, akaandika taratibu: *Unamtaka binti yangu?*

“Namtaka, Mwalimu. Kama utanipa.”

Kidole kilipumzika, kikaanza tena.

*Shamba lilikwenda sikuulizwa. Huyu simtoi. Muulize mwenyewe.*

Wendelin aligeuka, bado kapiga magoti, mikono ina vumbi la mashine. “Paskazia. Utakubali kuishi na mimi?”

Machozi yalimzuia kusema. Alifungua mdomo, akaufunga. Nje mvua ilianza kupiga bati. Wendelin hakumhimiza, na Mwalimu aliondoa mkono wake juu ya vitufe, akauweka pajani, akangoja.

“Ndiyo,” Paskazia alisema.