Rota ya Mista Gaskins

Waligombania taa ya nyuma ya gari la Pontiac la mwaka sabini, nyekundu, bila ufa hata mmoja. Ilikuwa juu ya turubai kwenye gulio la vipuri vya magari ya zamani nje kidogo ya Detroit. Watu walipita na matairi mabegani, wengine wakibishana bei huku wakitafuna soseji, na baridi ya Aprili ilipenya hadi kwenye soksi. Renita Gaskins alishika taa upande huu, mwanamume asiyemjua akashika upande ule.

"Nimeiona kwanza," Renita alisema.

"Kuona si kununua, dada."

"Dada yako yuko kwenu. Achia!"

Mwanamume akacheka. Aliitwa Alonzo Pettway, Lonzo kwa wanaomjua, mrefu, na ovaroli yake ilikuwa safi mno kwa mtu wa magari. Alimtazama yule binti mwenye kilemba cha njano na koti la madereva wa mabasi ya shule, na taa ikaanza kumtoka akilini.

"Una Pontiac, au unapenda tu vitu vyekundu?"

"Ni ya baba. Imelala gereji tangu mama afariki. Nimemwahidi Agosti, siku ya magari ya zamani, nitampitisha barabara ya Woodward watu wampungie." Sauti ikamshuka. "Moyo wake umechoka. Agosti ya mwakani hana."

Lonzo akaachia taa. "Nani anakutengenezea?"

"Mimi na video za simu."

"Mungu wangu! Niandikie anwani kabla hujaua gari la watu."

Ndivyo mapenzi yalivyoingia nyumba ya Gaskins, kwa mlango wa gereji. Kila jioni Lonzo alikuja na sanduku lake la spana, akaliweka chini ya rafu, Renita akavaa shati kuukuu la mama yake, na Mista Gaskins akaketi kwenye kiti chake cha kukunja, blanketi mapajani, koti lake la kiwandani mwilini, soda ya tangawizi mkononi. Alitoa amri kama msimamizi. Lonzo naye alikuwa na ugonjwa wa wapenda magari ya zamani: kila kitu lazima kiwe cha asili, hata nati isiyoonekana na mtu. Mzee aliposinzia, Lonzo alimfuta Renita grisi shavuni kwa kidole, kisha akambusu palepale.

"Nimefumba macho, Nita, sijaziba masikio," mzee alisema.

"Tunakaza boliti, Mista Gaskins."

"Boliti gani inayocheka hivyo?"

Nani asingetaka jioni kama hizo zisiishe?

Juni injini ikawa tayari. Siku ya kuiwasha, Lonzo alifungua kifuniko cha distributa akakuta rota haipo, kile kiplastiki kinachozunguka ndani na kuzigawia plagi moto. Bila hicho gari halingurumi ng'o. Wakapekua kila kopo. Kisha Lonzo akageukia upande wa mzee, akajifuta mikono polepole.

"Nenda basi dukani ukanunue nyingine," Renita alisema.

"Ya dukani si ya asili. Nitatafuta ya asili."

"Kijana anasema kweli," mzee alidakia kutoka kitini. "Vya bandia sitaki."

Wiki zikapita. "Umeipata?" Renita aliuliza kwa simu kila mchana. "Bado, mpenzi," Lonzo alijibu, na jioni alikuja kung'arisha vilivyokwisha kung'aa. Katikati ya Julai Mista Gaskins alilala mchana, hakuamka tena.

Makaburini, Renita, katika gauni jeusi na kofia ya mama yake, alimgeukia Lonzo mbele ya waumini wote.

"Kiplastiki, Lonzo! Kinauzwa kila duka! Baba yangu amekufa anasubiri uasili wako!"

"Nisamehe," Lonzo alisema tu.

"Usinipigie tena."

Lonzo alipiga, simu haikupokelewa. Agosti, siku ya Woodward, ngurumo za magari zilifika hadi mtaani kwao. Renita alifunga madirisha yote, akalia jikoni amesimama.

Septemba akaamua kuzipeleka nguo za baba yake kanisani zigawiwe. Alikunja suruali, akakunja mashati, akafika kwenye lile koti la kiwandani. Mfuko wa ndani ulikuwa na kitu kigumu kilichofungwa kwenye leso. Akaifungua leso, akaketi kitandani. Kisha akachukua simu.

"Nita?" Lonzo aliitika kabla mlio wa kwanza haujaisha.

"Rota ilikuwa kwenye koti la baba."

"Najua, mpenzi."

"Ulijua!"

"Nilijua tangu siku ile. Nilipogeuka nilimwona ameshika mfuko kama mtoto aliyeiba sukari. Ulipoingia ndani akanishika mkono. Akasema, 'Kijana, gari likiwaka gereji itabaki tupu. Nita atarudi kwenye mambo yake, wewe utaenda kwa gari la mtu mwingine. Niachieni jioni zangu.' Akaniapisha."

"Ungeniambia mimi! Mimi ndiye niliyemwahidi!"

"Nilidhani Agosti ataitoa mwenyewe. Nilidhani tuna muda, mpenzi."

"Na pale makaburini? Nilikutukana, hukujitetea."

"Niliona heri unichukie mimi kuliko umkasirikie yeye, na udongo bado mbichi."

Renita alilia, naye Lonzo akasikiliza, hakukata simu. Mwishowe akasikia: "Njoo na bisibisi."

Alikuja amevaa shati la kanisani, sanduku la spana mkononi, amekonda. Alifunga rota kwa skrubu zake mbili, akarudisha kifuniko, na Renita akazungusha ufunguo. Gari likakohoa, likakohoa tena, likanguruma hadi makopo yakacheza rafuni. Renita akageuka haraka kutazama uso wa baba yake. Kiti kilikuwa pale, na blanketi limekunjwa juu yake.

"Twende Woodward?" Lonzo aliuliza kwa upole. "Watu wameondoka, lakini barabara ipo."

Renita alizima injini. Alishuka, akachukua bisibisi mkononi mwa Lonzo, akafungua kifuniko na zile skrubu mbili. Aliifunga rota kwenye leso ya baba yake, akaitia mfukoni mwake.

"Nita?"

"Haliwaki," alisema, machozi yakimchuruzika. "Kuna kitu kimepotea. Njoo kesho jioni tukitafute."

Lonzo aliutazama ule mfuko, akamtazama yeye. Akaliinua sanduku lake la spana, akalirudisha chini ya rafu, mahali pake pa zamani.

"Nitakuja na soda ya tangawizi," alisema.